Herufi Nne

Nalipwa kwa herufi. Hamsini hamsini.
Nukta bure, msalaba bure
kwa mteja asiyeniudhi.
Kibandani pangu Kibuye, nyuma ya wauza magodoro,
nimechonga akina Wasonga, akina Amimo,
na vichanga wasiokuwa na jina, tarehe tu;
hao siwatozi.

Akaja Rispa Akumu, muuguzi mstaafu,
karatasi kaikunja mara nane kama noti ya akiba.
Sista Nuala. Mkunga.
Miaka arobaini na mitatu, hospitali ya misheni.
Alizaliwa Mayo.

"Mayo ndiyo wapi?"
Akanipa kadi ya posta:
majabali yamesimama wima baharini,
kijani ambacho hata Seme baada ya masika haikijui,
kondoo wanne.

"Na watu?"

Rispa akaketi juu ya jiwe la mteja mwingine.
Sista, alisema, alikuwa akisimulia zamu za usiku,
maji yakichemka, uchungu wa mama bado uko mbali:
kwamba viazi viliozea ardhini, vyeusi, vikanuka,
na mwaka huohuo meli zikajazwa nafaka na ng'ombe,
zikang'oa nanga, wenye njaa wakizitazama.
Kwamba kodi haikuoza.
Kwamba walikuja na gogo la kubomolea,
paa likashuka, moto wa jikoni ukanyeshewa.
Kwamba zamani kabla ya hapo walishuka askari wa Kifaransa
wakiahidi uhuru, wakulima wakashika mikuki wakawafuata;
Wafaransa wakashindwa, wakarudishwa kwao kwa heshima.
Wakulima wakanyongwa.
Kwamba hadi leo, jua la asubuhi likipiga ubavu wa kilima,
matuta yale ya viazi huonekana chini ya nyasi,
safu kwa safu,
na wenyewe hawajarudi kuvuna.

Mimi Mjaluo. Kwetu mayo ni kupokonya.
Nyanya yangu alihesabiwa nyumba zake na karani wa serikali;
usiku akabomoa moja kwa mikono yake
ili kodi ipungue, akalala na mbuzi.
Na neno hilo ukilitia silabi moja tu ya Kiswahili
unapata mayowe.
Hayo nayajua. Januari ile, Kondele,
moshi wa matairi, kisha risasi,
kisha wiki tatu nachonga, tindo limekuwa butu,
majina mbalimbali, tarehe ileile.

Labda ndiyo maana mkono uliteleza.
Ijumaa Rispa akarudi, akavaa miwani,
akasoma kwa kidole:
ALIZALIWA MOYO.

Jiwe halina kifutio.
O haigeuki A; utachimba shimo tu.
Nikaanza kujitetea: mbona limependeza, mama,
moyo, tena kwa mtawa...
"Sista hakutaka maneno matamu," akanikatiza.
"Wodi nzima alitugombeza
kwa kuandika amepumzika, mtu amekufa.
Andika kwao."

Nikalipindua jiwe.
Upande wa pili, kwa hasara yangu, nikaanza tena,
na nilipofika kwenye ile A nilikwenda polepole,
miteremko miwili mikali, kama pale kwenye kadi,
chini yake hakuna pa kushika.
Herufi nne, shilingi mia mbili.
Nimewahi kulipwa zaidi kwa jina la mlevi.

Sasa limesimama misheni, kisogo kwenye ukuta.
Kati ya jiwe na ukuta pana nafasi ya kiganja.
Neno langu liko huko; mjusi hupita juu yake,
na mvua zikinyesha, Rispa ameniambia,
zile O mbili hushika ukoga.
Alikwenda kuchungulia, basi.
Sikumuuliza kwa nini.

Kadi hakuidai. Nimeibandika kando ya kalenda.
Kondoo ni wanne bado.
Asubuhi, kabla sijanoa tindo,
nautafuta ule mlima, naukodolea macho,
nione kama matuta yanaonekana.